Soksi za Namba Moja
(Sehemu ya tisa)

Wiki iliyopita, ndugu msomaji, ulituacha mahali pabaya. Shangazi alikuwa chini ya meza ya Inspekta, amepiga magoti, amekamata kifundo cha mguu wa mwanamume asiyemhusu, na anapaza sauti: "Asitoke mtu humu ndani!"

Baadhi yenu mmeandika barua kuuliza kama ni halali mjane wa miezi mitatu kushika mguu wa mwanamume wa watu. Nimemuuliza mwenyewe. Amejibu kwamba inategemea mguu umevaa nini.

Mguu ulikuwa umevaa soksi. Soksi ya kijivu, nzito, isiyo na tundu. Na juu kidogo ya kifundo, kwa uzi mwekundu, ilikuwa imeshonwa namba moja.

"Mama, niachie mguu," alisema mwenye mguu, ambaye ni Meneja wa nyumba ya wageni.

"Nitauachia ukishasema ukweli."

"Mguu useme ukweli?"

"Wewe na mguu wako, yeyote atakayetangulia."

Sasa nimwonee huruma yule aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda amelikuta saluni akisubiri zamu yake. Sikiliza upesi, maana Shangazi hawezi kukaa chini ya meza siku nzima.

Shangazi ni matroni wa bweni la wavulana katika shule ninayosoma, msiba ambao nimeubeba kimya kimya tangu kidato cha kwanza. Mumewe alikuwa Fundi Mizani. Mizani ikianza kusema uongo, yeye ndiye aliyeitwa kuisuta. Miezi mitatu iliyopita chama cha wakulima wa nchi hii, ambayo si yetu, kilimwita aje akague mizani ya ghala kubwa la mfanyabiashara anayenunua nafaka yao. Alikuja na begi moja. Alirudi kwenye jeneza lililofungwa misumari.

Ripoti ya polisi ilikuwa na mistari mitatu. Kwamba mgeni alifika nyumba ya wageni Jumanne jioni, bila mzigo wowote. Kwamba usiku huohuo aliteleza kwenye ngazi ya nyuma, ambayo haitumiki, na ndiyo maana alionekana Ijumaa. Na kwamba alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Shangazi aliisoma mara moja, akakaza kilemba.

"Mtu aliyekuwa akipima majani ya chai kabla ya kuyatia kwenye birika," alisema, "leo ndiye mzembe?"

Ndivyo tulivyosafiri. Nilichaguliwa kuwa katibu wake kwa sababu nilikuwa nimesimamishwa shule wiki mbili, kwa jambo la kuku na ofisi ya mwalimu mkuu ambalo halihusiani kabisa na kesi hii. Siku nne tulikuwa tunapigwa danadana. Leo ilikuwa ya mwisho. Ikifika saa sita kamili bila ushahidi mpya, Inspekta angegonga muhuri wa IMEFUNGWA juu ya faili, na neno uzembe lingebaki juu ya jina la marehemu milele.

Muhuri wenyewe ulikuwa mkononi mwake tangu saa tatu. Alikuwa akiupulizia pumzi mara kwa mara, kama mtu anayesafisha miwani.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi. Tuendelee.

"Mama, toka chini ya meza yangu," alisema Inspekta. "Hii ni ofisi ya serikali."

"Na huu ni mguu wa mwizi."

"Soksi hizi nilizinunua mtumbani!" alilia Meneja.

"Mtumbani kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Wa mtumba."

Pembeni, nyuma ya mashine ya kuchapa iliyo kubwa kuliko yeye, Karani wa kituo aliinua kichwa. Ni mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, na katika siku nne sikuwahi kumsikia akisema sentensi yoyote isipokuwa moja.

"Hiyo niandike?"

"Usiandike," alisema Inspekta.

"Andika!" alisema Shangazi kutoka chini ya meza.

Mashine ikalia. Karani huyu ana kanuni yake: kinachosemwa na watu wawili kwa sauti tofauti, anamtii mwenye sauti kubwa.

Shangazi akajitokeza, akajifuta vumbi magotini, na kusimama mbele ya meza vile anavyosimama mlangoni mwa bweni siku ya ukaguzi. Nilinyoosha mgongo bila kujua. Nikaona Meneja naye kanyoosha.

"Inspekta, nikueleze jambo la kazi yangu," alisema. "Shuleni kwetu kila mwanafunzi ana namba. Ninaishona mwenyewe kwenye kila nguo yake, ili dobi wa shule asichanganye. Shati, shuka, soksi, kila kitu. Nguo za mume wangu zilifuliwa hapohapo shuleni, kwa hiyo naye nilimpa namba. Namba moja. Uzi mwekundu. Huyu bwana aliandikisha kwamba mgeni alikuja mikono mitupu. Kama alikuja mikono mitupu, soksi zake zimefikaje kwenye miguu ya Meneja?"

Inspekta aliuweka muhuri chini. Mara ya kwanza siku hiyo.

"Una hakika ni namba ya mumeo?"

"Hakuna namba moja nyingine duniani," alisema Shangazi.

Wasomaji, zipo sentensi ambazo ukizisikia unatamani kugeuka mjusi upite chini ya mlango. Hiyo ilikuwa mojawapo. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya kiti cha Meneja, maana nilikuwa nimejitolea kumshikia mguu wa pili asije akakimbia. Nilianza kuinuka taratibu sana.

Suruali yangu niliizidi urefu tangu muhula uliopita.

"Afande," alisema Karani, na hapo ndipo nilipojua kwamba ana sentensi ya pili. "Namba moja nyingine ile pale."

Watu wote wakatazama mguu wangu wa kulia.

Feni ilizunguka. Nzi alitua juu ya faili, akaona hali ilivyo, akaondoka.

"Wewe mtoto wa kaka yangu," alisema Shangazi polepole. Akiniita hivyo ni kwamba amekwisha niondoa kwenye ukoo upande wake na kunirudisha kwa wenyewe.

"Shangazi, naweza kueleza."

"Eleza."

Nikafikiri.

"Siwezi."

Lakini wewe, msomaji, nitakueleza. Namba yangu halali ni mia mbili na kumi na mbili. Nguo ya mia mbili na kumi na mbili hufuliwa Alhamisi, ikiwa maji yamebaki, na ikianikwa huibwa. Nguo ya namba moja hufuliwa ya kwanza, hupigwa pasi, hukunjwa, na hakuna mwanafunzi mwenye akili timamu anayethubutu kuigusa, kwa sababu ni ya mume wa matroni. Ni nani angeiona neema kama hiyo akaipita? Kidato cha kwanza, muhula wa kwanza, nilitafuta sindano.

"Tangu lini?" aliuliza Shangazi.

"Kidato cha kwanza."

"Wewe peke yako?"

"Mimi na... wenzangu wanne. Waliniomba. Nina moyo wa huruma."

Shangazi alishika kiuno. Niliona hesabu ya miaka mitatu ikipita machoni mwake.

"Ndiyo maana," alinong'ona. "Ndiyo maana soksi za mume wangu zilikuwa zinazaliana! Nilikuwa nikimwambia, mbona wewe una miguu miwili na soksi za pweza, ananiambia hata yeye haelewi!"

Inspekta alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu akakumbuka kazi yake, na uso ukarudi mahali pake.

"Kijana, kwa kukadiria, namba moja ziko ngapi duniani?"

"Soksi tu?"

"Kwani kuna zaidi ya soksi?"

"Kuna na shuka, Afande."

"Shuka niandike?" aliuliza Karani.

"Andika zote!" Inspekta akauchukua tena muhuri. "Mama, pole sana. Umesema namba moja ni moja. Kijana wako amesema ni bweni zima. Nguo za wanafunzi huuzwa, huishia mtumbani, huvuka mpaka. Soksi za huyu bwana zinaweza kuwa za mtoto yeyote mwenye moyo wa huruma. Ushahidi wako umekufa, na aliyeuua umesafiri naye kiti kimoja."

Meneja alivuta pumzi ndefu. Alipandisha soksi zake vizuri, kama mtu aliyerudishiwa heshima.

Saa tano na nusu.

Nilitegemea Shangazi anipige. Kwa heshima zote, nilitamani anipige, maana kipigo changu nakijua, kina mwanzo na mwisho. Hakunipiga. Aliketi. Aliweka mikono mapajani, akatazama sakafu.

"Nilimshonea kila kitu," alisema, si kwa mtu yeyote. "Yule mtu alikuwa anasafiri sana. Nikasema nitamshonea kila kitu, hata leso, ili popote atakapokuwa asinipotee."

Nitasema jambo hili mara moja tu, kisha tutaendelea kucheka. Mizaha mingi nimeifanya, na sikuwahi kujutia hata mmoja mpaka asubuhi ile. Neno uzembe lilikuwa limebakiza nusu saa liwe la kweli kwa mkono wa serikali. Na mzembe nilikuwa mimi.

"Shangazi," nilisema. "Nisamehe. Nilidhani ni uzi tu."

Aliinua kichwa. Kitu fulani kilipita usoni mwake, kile ambacho sisi wa bweni lake tunakijua vizuri: alama ya kwamba amesikia kicheko chini ya blanketi na anajua ni kitanda gani.

"Ulidhani ni uzi tu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ndani ulishona nini?"

"Ndani wapi?"

"Ndani ya ukanda wa juu wa soksi. Ulipoiga namba yangu, ndani uliweka nini?"

"Sikuweka kitu. Kwani ndani kuna kitu?"

Shangazi alisimama.

"Vua."

Nilivua kiatu cha kulia na soksi yake. Aliigeuza nje ndani mbele ya Inspekta. Palikuwa na fundo langu, limesokotana kama nywele za aliyeamka vibaya, na hakuna zaidi.

"Takataka," alisema Shangazi. "Hata namba yenyewe, itazame. Moja gani hii imelala ubavu? Imepinda kama mkia wa panya." Kisha akamgeukia Meneja, na sauti yake ikawa ile ya saa kumi na moja alfajiri, ile inayotoa watu kitandani kabla hawajaamka. "Na wewe. Vua."

"Mimi ni mtu mzima, mama, siwezi kuvuliwa..."

Alikuwa amekwisha vua. Nilimwona mwenyewe akitazama miguu yake mitupu kwa mshangao. Bila shaka naye alisoma bweni.

Shangazi aligeuza soksi ya kwanza. Akaitandaza juu ya faili, mbele ya Inspekta, na kwa ndani, chini ya ukanda, mahali ambapo jicho haliendi, kulikuwa na nukta ndogo za uzi mwekundu zimepangwa mstari mmoja.

"Hesabu, Inspekta."

"Moja, mbili, tatu, nne... tano."

"Ya pili."

"Tano."

"Jumatano," alisema Shangazi.

Inspekta aliuweka muhuri chini mara ya pili.

"Tulipooana," Shangazi alieleza, "mume wangu alikuwa mtu wa kupima kila kitu isipokuwa miguu yake. Jozi moja angeivaa siku tano, ukimuuliza anasema ni ya leo. Tukagombana wiki nzima. Basi nikamshonea jozi saba. Jumamosi nukta moja, Jumapili mbili, tatu, nne, tano, Alhamisi sita, Ijumaa saba. Ndani, mtu asione, ili asichekwe na mafundi wenzake. Akazipenda. Akiwa safarini alizishika kwa kidole asubuhi kabla ya kuvaa. Akaniambia, nikihesabu nukta najua ni siku gani, na najua ni nani aliyenituma. Miaka ishirini na sita hakukosea siku. Jozi ya siku akiivua jioni, anaifua kwa mkono wake na kuianika. Jambo hilo tulilijua watu wawili. Mmoja mmesema ni mzembe. Wa pili ndiye mimi."

Karani hakuuliza kama aandike. Alikuwa anaandika na anafuta miwani kwa wakati mmoja.

"Meneja," alisema Inspekta kwa upole wa kutisha. "Mtumbani, eh?"

Meneja alizitazama soksi. Soksi zikamtazama.

"Zilikuwa zimeanikwa dirishani," alisema, na jasho likaanza kumtoka. "Chumbani kwake. Sikuiba begi, Afande! Begi lilikuwepo lakini mimi sikuligusa. Soksi tu. Zilikuwa nzuri. Miguu yangu hupata baridi."

"Kwa hiyo begi lilikuwepo."

"Lilikuwepo."

"Na ulisema halikuwepo."

"Nilisema... nilikuwa na maana kwamba baadaye halikuwepo."

"Hiyo niandike?"

"Mara mbili," alisema Inspekta.

Nilitaka kupiga makofi. Lakini Inspekta aliegemea kiti, akatazama saa. Saa sita kasoro dakika kumi na tano.

"Mama, nitakuwa mkweli kwako. Huyu nimempata kwa wizi wa soksi na kudanganya polisi. Lakini aliyeiba soksi za mtu aliyeanguka hajamwangusha. Mumeo aliteleza Jumanne usiku. Kosa la soksi ni faili jingine. Hili hapa bado linafungwa."

Akashika muhuri. Mimi na muhuri ule tulikuwa tumefika mahali pa kuchukiana waziwazi.

"Sawa," alisema Shangazi. "Lifunge. Lakini kabla hujalifunga, si sheria nikabidhiwe nguo alizokutwa nazo?"

Inspekta alimtazama Karani. Karani alifungua droo, akatoa fomu, akatoa na bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa kwa kamba. Nadhani alikuwa ameitayarisha tangu asubuhi.

"Kuna suruali, shati, mkanda, viatu na soksi," alisoma. "Saini hapa, mama yangu."

Shangazi hakusaini. Alifungua kamba. Alitoa shati, akalishika kidogo kifuani, akaliweka kando. Kisha akatoa soksi, akaigeuza, na kumsogezea Inspekta bila kuitazama. Alikuwa amefumba macho.

"Nisomee wewe. Mimi naogopa."

Inspekta alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena kwa ncha ya penseli. Akavaa miwani. Akamwita Karani, naye akahesabu.

"Sita," alisema Karani.

"Sita," alisema Inspekta.

"Alhamisi," nilisema mimi, na sauti yangu, ambayo mwaka huu haitabiriki, ilitoka kama ya jogoo.

Shangazi alifumbua macho.

"Basi nieleze, Inspekta. Mtu aliyekufa Jumanne usiku, Jumatano alifua soksi akaanika dirishani. Alhamisi asubuhi akavaa jozi ya Alhamisi. Huo uzembe wa Jumanne aliufanya saa ngapi?"

Kwa mara ya kwanza katika siku nne, niliona Inspekta akifanya kazi. Alifungua faili kweli, ukurasa kwa ukurasa. Kumbe alikuwa anajua kusoma haraka.

"Siku mbili nzima," alisema. "Alikuwa hai siku mbili nzima mjini hapa. Mwenye Ghala ameandikisha kwamba fundi hakufika ghalani hata mara moja, kwa sababu alikufa usiku wa kuwasili. Huyu Meneja ameandikisha vilevile. Maneno yaleyale." Akainua macho. "Hata nukta zimekaa mahali palepale."

Hapa nikutambulishe kwa Mwenye Ghala, ingawa wasomaji wa zamani mnampenda na mmemtumia salamu. Ndiye aliyetupokea kituo cha mabasi. Alilia pale kituoni mpaka mimi, ambaye ni ndugu, nikaona haya kwa kutolia kiasi hicho. Alisema hawezi kukubali mjane wa fundi alale hotelini. Siku nne tumelala kwake, tumeogea sabuni zake, tumefuliwa nguo zetu na msaidizi wake wa nyumbani. Hata leo alituleta kwa gari lake, akawa anatusubiri nje.

"Meneja," alisema Inspekta, "begi alilichukua nani?"

Meneja alitazama dirisha. Nje, gari jeupe lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli cha ukuta.

"Mtu," alisema.

"Wa mtumba?"

"Afande, nina familia. Alikuja Ijumaa asubuhi. Akasema ni begi la rafiki yake, akaniambia la kusema, nikalisema. Jina siwezi."

"Bila jina nina nukta tu," alisema Inspekta. Alisema kwa masikitiko, na niliamini masikitiko yake. "Mama, jaji hafungi mtu kwa nukta. Nipe kitu kimoja kutoka kwenye lile begi. Kimoja. Nikijua kilikokuwa, nitalifungua faili hili mpaka lipasuke mgongo."

"Jozi saba nilizipanga kwa mkono wangu," alisema Shangazi. "Moja ilikuwa miguuni mwake. Moja miguuni mwa huyu. Tano zilikuwa ndani ya begi. Sasa nitazitafuta wapi, nchi nzima?"

Saa sita kasoro dakika sita. Honi ikalia nje, mara mbili, kwa adabu.

"Chakula," nilisema, kwa sababu nilikuwa sina la kusema.

"Vaa soksi yako twende," alisema Shangazi.

Nikainama. Nilivaa soksi ya kulia, ile ya mkia wa panya. Lakini ya kushoto ilikuwa inanibana tangu asubuhi, tangu nilipoichomoa kwenye rundo la nguo safi alizoleta msaidizi wa nyumbani. Nikaivuta niiweke sawa. Kidole gumba kikapita ndani ya ukanda.

Kikagusa kitu kama punje.

Kikagusa nyingine.

Nikatulia kabisa. Nikahesabu kama alivyokuwa akihesabu yeye, bila kutazama. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Shangazi," nilisema.

"Nini tena?"

"Hii ya kushoto si kazi yangu."

Nilivua. Nilimpa. Namba moja kwa nje, imesimama wima kama askari wa gwaride. Ndani, nukta nne.

"Jumanne," alisema Shangazi. "Aliivaa akisafiri. Akaifua, akairudisha kwenye begi. Uliitoa wapi?"

"Kwenye nguo zilizofuliwa. Msaidizi wa nyumbani aliona namba moja na namba moja, akaniunganishia jozi." Nilitazama gari jeupe dirishani. "Tena ya kwangu ya kushoto sijui iliko. Zilichanganywa kulekule. Nyumbani kwa..."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa.

"Mama yangu mpendwa!" alisema Mwenye Ghala, leso tayari mkononi. "Mmechelewa, nikasema niingie niwafariji. Limekwisha? Limefungwa? Basi, tumwachie Mungu." Akajifuta jicho lililokuwa kavu, akavuta kiti, akaketi karibu na meza. Ni mtu mnene, wa kujistarehesha. Akaweka mguu mmoja juu ya mwingine.

Mguu wa suruali ukapanda.

Soksi ya kijivu. Uzi mwekundu. Na namba moja iliyolala ubavu, imepinda kama mkia wa panya.

Katika maisha yangu sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama dakika ile. Ilikuwa ni soksi yangu. Mwenye Ghala, asubuhi hiyo, alichukua kutoka droo yake soksi mbili alizodhani ni za marehemu, na moja aliyovaa ilikuwa ya mwanafunzi wa kidato cha tatu, namba mia mbili na kumi na mbili.

Shangazi aliiona. Inspekta aliiona. Meneja aliiona na akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Saa ya ukutani ikagonga saa sita, na hakuna aliyeushika muhuri.

"Mbona kimya?" aliuliza Mwenye Ghala.

Shangazi alikaza kilemba. Alitembea polepole mpaka mbele ya kiti chake, akasimama, mikono nyuma, vile anavyosimama miguuni mwa kitanda anachokijua.

"Baba," alisema kwa heshima zote, "kabla hatujaenda kula. Ukaguzi kidogo tu. Vua viatu. Vyote viwili."

"Hiyo niandike?" aliuliza Karani.

Inspekta alifungua droo, akautupa muhuri ndani, akafunga kwa ufunguo.

"Andika," alisema. "Andika kila kitu."

Mwenye Ghala aliinama kutazama mguu wake. Alizitazama soksi zilizotandazwa juu ya meza, Jumatano, Alhamisi na Jumanne moja yatima, na nikaona tabasamu likimwacha kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Kisha akatazama mlango.

Na kati yake na mlango, wasomaji, hapakuwa na mtu ila mimi, mwenye mguu mmoja mtupu, na mtu mnene wa kilo mia moja na ishirini alikuwa anainuka kitini.